Je-pe-es au ji-pi-esi

Mado, mjukuu wangu,

Habari ya huko Kampala? Sisi hapa Mangobo tuko wazima. Mama yako amerudi kutoka Bengamisa na mihogo, na mdogo wangu, babu yako, anashona nyavu zake.

Unaniuliza nani ana haki, wewe unayesoma GPS, ile ya kuonyesha njia, "je-pe-es" au mwenzako wa kazi anayesema "ji-pi-esi", maana sasa hamsalimiani.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alipelekwa Isangi kujifungua, na hali yake haikuwa nzuri. Tukaenda kwenye fonii, redio ya kupeana habari. Papa wa fonii, aliyesoma kwa mapadri Wabelji, alisema "roje", yaani nimesikia. Yule wa Isangi, aliyefundishwa na Waingereza, akamkosoa: "Hapana, ni roja!" Wakabishana mpaka betri ikaisha, hatujaambiwa kitu.

Baba yangu hakugomba. Alikaa tu kwenye benchi, kofia mkononi. Papa wa fonii akamtazama, akapanda baiskeli kwenda kutafuta betri nyingine. Aliporudi akaita Isangi, akasema polepole:

"Roja, roja. Mama iko namna gani?"

"Roje, kaka," kule wakajibu. "Mama iko muzima. Mutoto ni mwanaume."

Baba alilia, kisha akacheka, na mtoto akapewa jina pale pale. Bon, nusu ya familia inamwita Roje, nusu Roja. Wewe mwenyewe umemwita yote mawili, na kila mara babu yako aligeuka.

Umsalimie na huyo wa ji-pi-esi.

Ni mimi koko yako,
Tereza