Kikombe Mbele ya Kiti Kitupu

Mume wangu, asali ya moyo wangu,

Wiki mbili tu tangu uondoke, na shati lako ndilo ninalolalia! Usinicheke.

Umeandika kwamba huko mafunzoni mnaambiwa mchungaji wa mpito, anayeshika nafasi kwa muda kama wewe, kwanza awasaidie waumini kumuaga aliyetangulia. Ukaniagiza nichukue ufunguo wa nyumba hii ya kanisa tuliyohamia kwa mjane wa marehemu mchungaji kabla hujarudi. Nimesikia, mpenzi. Ila kila saa kumi mama huyo anaingia mwenyewe, anachemsha chai, anamimina kikombe chake na cha marehemu, kisha anakisimulia kiti habari za usharika.

Jana nilijikaza nikamwomba ufunguo. Akautoa bila ubishi.

“Haya, mwanangu. Na kikombe kile, mbele ya kiti cha mumeo, ni cha nani?”

Nilikuwa nimekimimina mwenyewe, nikakusimulia siku yangu yote.

Ufunguo nimemrudishia. Usinikasirikie, laazizi. Mafunzo yakiisha tu, njoo mbio, kwa sababu jana, baada ya mama kuondoka, nilikusikia ukinijibu kutoka kwenye kiti kile.

Wako peke yako,
Bibi harusi wako