Diski Inakufa na Sauti ya Mwanetu Imo Ndani

Shikamoo Bi Khairunnisa. Sijui hata nianzie wapi, ila nisipokuandikia nitapasuka, maana padri naona haya kumpelekea habari za kompyuta, na mama yangu nikimweleza ananijibu tu, "Mwachie Mungu."

Naishi Rutamba na mume wangu Ignasi, mwalimu wa shule ya msingi. Tulijaliwa mabinti wawili, Flora na Marietha, na mwaka jana wakati wa masika Flora alishikwa na homa kali, tukampakia kumkimbiza Lindi, akafia njiani mapajani mwa baba yake, ana miaka minane tu. Sauti yake imebaki kwenye video moja, baba yake aliirekodi kwa simu akaihamishia kwenye laptop yake kuukuu, simu ikaja kuibiwa, kwa hiyo video iko humo tu. Flora yuko uani anapepeta mchele, anamwambia, "Baba, weka simu njoo unisaidie, kuku wanamaliza!" halafu anacheka. Basi.

Tangu tumzike, Ignasi akirudi shule anafungua laptop, anatazama, anarudia, anarudia tena, chakula kinapoa. Sasa laptop inachelewa kuwaka, ndani inagonga tik, tik, na video inakwama pale Flora anapoinua uso. Nikampigia Husain, fundi kompyuta wa Lindi mjini, nikamsikilizisha ule mlio, akasema, "Mama, hiyo diski inakufa. Kila mkiiwasha mnazidi kuikwangua. Izimeni, mniletee nijaribu kuhamisha vilivyomo, halafu tufunge nyingine." Akanipa mawili nichague: diski ya mtumba iliyotolewa kwenye mashine nyingine, ya kuzunguka kama hii yetu na yenye nafasi kubwa, au SSD mpya, nafasi ndogo, lakini haina kitu kinachozunguka ndani na haisumbuliwi sana na mitikisiko ya barabara zetu. Nikamuuliza, video itapona? Akasema, "Siahidi."

Nikamweleza Ignasi. Akanijibu, "Simwachii mtu mwanangu amfungue kwa bisibisi," akaiwasha tena.

Juzi Marietha, ana miaka mitano, alimpelekea baba yake mchoro aliochora, baba hakugeuka, mtoto akaja jikoni akaniuliza, "Mama, na mimi nikifa, baba ataniangalia?"

Jumatatu Ignasi anakwenda semina Kilwa Masoko. Nafikiria kuichukua laptop kwa siri niipeleke kwa Husain, lakini ikifia huko atasema mimi ndiye niliyemuua Flora mara ya pili. Nifanyeje, na ninunue diski ipi?

Stefania, Rutamba

Jibu la Bi Khairunnisa

Marahaba, Stefania, na poleni sana. Sasa acha kwanza kusoma, nenda kaizime hiyo laptop, kisha urudi hapa.

Umeizima? Haya. Kwa siri usiipeleke. Mtu aliyezika mwana, ukimchukulia na hicho alichobaki nacho bila kumwambia, hata video ikipona ndoa haitapona. Mwambie waziwazi: "Baba Flora, kila unavyomtazama ndivyo unavyomfuta." Laptop aibebe mwenyewe, akae kwenye benchi la fundi, aone kila kinachofanyika. Fundi asiyetaka kutazamwa, mwacheni, tafuteni mwingine.

Diski ya mtumba achana nayo. Hujui imetumika miaka mingapi wala kwa nini iling'olewa ilikotoka. Nunueni SSD mpya. Nafasi ndogo itawatosha, kwani mna nini humo zaidi ya mitihani ya shule na picha? Ila Husain aifungue laptop kwanza aone aina inayoingia, mashine kuukuu haipokei kila kitu. Pakiti ifunguliwe mbele yenu, mpewe risiti yenye garantii. Asifute chochote kwenye diski ya zamani, mrudi nayo nyumbani. Na video ikipatikana, isikae kwenye SSD peke yake, maana nayo ina siku yake, na yenyewe haigongi kukuonya. Weka nakala kwenye fleshi, na nyingine kwenye simu ya ndugu yako.

Na wewe nikugombeze kidogo. Barua yako nzima ni Ignasi, Ignasi. Sijaona mahali ulipoandika kwamba umekaa pembeni yake mkatazama wote, mkalia wote. Yeye sebuleni, wewe jikoni, na katikati yenu mtoto mdogo anauliza habari za kufa. Hilo hakuna fundi wa kulitengeneza, mwanangu.

Baada ya hapo

Jibu hili nilimsomea Stefania kwa simu, maana diski haisubiri gazeti. Ignasi aliiacha semina, wakaenda Lindi wote wawili. Husain ameshinda nayo kutwa nzima, ameokoa kazi za shule na picha kadhaa. Video haikutoka. Stefania anasema mumewe alilia pale dukani kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata mazishini, naye akamshika, wateja wakatoka nje kuwapisha. Laptop imefungwa SSD mpya, sasa inawaka upesi, hakuna anayetaka kuigusa. Ananiuliza wafanye nini.

Stefania, ile diski ya zamani mnaweza kuipeleka kwa mtaalamu mmoja wa kufufua diski Dar, mkajaribu mara moja tu. Akishindwa, msiizungushe tena kwa mafundi, mtajiua kwa matumaini. Picha zilizookoka zisafisheni kwenye karatasi leo hii. Na kuanzia leo mle sinia moja, nyote watatu. Asiyeweza kula asilazimishwe, lakini akae.