Simiti ya Mkwe Wangu Imenijaza Maji Nyumbani

Mpendwa Shangazi Nanjala,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya meza, miguu nimeikunja, kwa sababu sakafu bado ina maji na sina pa kukanyaga, nisaidie kwa mawazo kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha nyuma. Mimi ni mjane, naishi hapa Kakamega mjini, mtaa wa mteremko ambao nyumba zimebanana hadi ukikaanga kitunguu jirani anapiga chafya, na hii nyumba alinijengea marehemu mume wangu kwa mikono yake, kuta za udongo zilizopakwa simiti, sina nyingine.

Binti yangu Dinah ameolewa na Bravin, fundi wa umeme, na mwaka juzi huyo Bravin akanunua ploti juu yangu, ua kwa ua, watu wakasema si vizuri mkwe kukaa juu ya mama mkwe, mimi nikawaambia waache roho mbaya, mjukuu wangu atakuwa karibu. Ploti yenyewe ilikuwa migomba na nyasi, mvua ikinyesha ardhi inakunywa. Desemba akang'oa migomba yote akamwaga simiti kutoka mlangoni hadi uani, eti gari lisiingie na matope, gata za paa akazielekeza kwangu, na tangu Machi kila alasiri maji ya uwanja wake na ya wale walio juu yake, maana nao wamemwaga simiti, yanapita chini ya ua yanaingia jikoni kwangu, yamezima jiko, yamebeba viatu, na ukuta wa chumba cha kulala umepata ufa ambao kiganja changu kinaingia.

Angekuwa jirani mwingine, Shangazi, ningesimama getini kwake nikasema mpaka mtaa ujae, lakini huyu ni mkwe, na sisi tuliolelewa Kiluhya tunajua mama mkwe hapeani mkono na mkwe, haingii nyumbani kwake hivi hivi, wala hagombani naye. Nikamtuma Dinah, akarudi na jibu: "Mama, anasema maji inashukanga chini tangu zamani, yeye ataikataza aje?"

Jumanne iliyopita saa tisa mchana ikaja mvua ya mawe, Dinah yuko kazini, mimi nimembeba Nafula, mjukuu wangu wa miaka miwili, maji yakanifika magotini. Jirani yangu Muhonja akanivuta mkono hadi kwa Bravin, ndiko kulikuwa na mlango wazi na pakavu, akipiga kelele, "Si uingie! Mtoto analoa!" Bravin alikuwa mlangoni, akaniona, akageuza mgongo akaenda chumbani ili nipite bila kuonana, na mimi miguu ikakataa. Nilisimama nje juu ya simiti yake hadi mvua ikaisha. Nafula akashikwa na homa ya mapafu, amelazwa hospitali ya Mukumu siku nne, amerudi juzi, bado anakohoa.

Nimekasirika mpaka obusuma, ugali wetu, haushuki. Nimeamua kumwambia Dinah afungashe arudi nyumbani na mtoto mpaka huyo mwanamume avunje simiti yake yote. Mbona sisi tulimheshimu? Siku alipoleta ng'ombe wa mahari, wazee wake tuliwaandalia mpaka wakashangaa, hata mtaro wetu wa kando ya nyumba tuliujaza kifusi ili hema lipate nafasi, na leo ananilipa hivi? Nimwite binti yangu, au nife maji nikisifiwa kwa heshima?

Mama Dinah, Kakamega.

*

Mama Dinah,

Pole sana, na pole nyingi zaidi kwa Nafula. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Bravin. Mara ya pili nilikukasirikia wewe.

Nianze naye. Maji hushuka, ndiyo, lakini yale yaliyokuwa yakinywewa na migomba sasa yanakuja yote kwa pamoja, tena kwa mbio, na aliyeyapa mbio ni yeye. Huyo ni fundi wa umeme. Je, anaweza kuacha waya wazi kwa ua wa jirani halafu aseme umeme hupitanga tu? Na si yeye peke yake. Mji huu umejaa watu wanaotaka uwanja wa kupigia picha, na matope yao wanamsukumia aliye chini. Inaniudhi sana.

Sasa wewe. Ule mtaro wa kando ya nyumba umeutaja mwishoni kama jambo dogo. Mama, ndiyo njia ya maji! Mliifukia kwa sababu ya hema la siku moja, wazee wakala, wakaenda, na hadi leo hakuna aliyeshika jembe. Simiti ya Bravin imeleta maji mengi, nakubali, lakini yakifika kwako hayana pa kutokea isipokuwa mlangoni.

Unataka Dinah arudi nyumbani. Atalala wapi, juu ya meza na wewe? Na mtoto mwenye kifua umrudishe kwenye unyevu huo? Mwache binti yako kwake. Tena kosa lilikuwa kumtuma yeye. Mke hawezi kubeba ugomvi kati ya mama na mume. Desturi iliyokukataza kumfokea mkwe ilikupa pia mtu wa kusema kwa niaba yako. Mwite senje, shangazi yake Dinah, yule aliyekaa mbele siku ya mahari. Yeye anaweza kuingia kwa Bravin, akanywa chai yake, akamweleza bila kupepesa macho.

Lakini asiende kabla hujachimba. Kesho asubuhi, kabla ya mvua, toa kifusi chote mpaka mtaro ufike kwenye mfereji wa barabara, na huko nako uzoe chupa na makapi ya miwa, maana najua yapo. Ndipo senje amwambie Bravin hivi: avunje simiti upande wa ua wenu, upana wa hatua mbili, apande nyasi. Achimbe hapo shimo refu alijaze mawe, maji yazame humo. Gata zimwage kwenye tangi, na tangi likijaa, limwage shimoni, si kwako. Simiti iliyobaki abaki nayo, gari lake lilale pasafi. Ufa wa ukuta, mtafute fundi wiki hii, na usilale chumba hicho. Kisha mwende ofisi ya wadi mkiwa mtaa mzima, wa juu na wa chini, na picha mkononi. Mkienda mmoja mmoja watawazungusha.

La mwisho, na hapa sikubembelezi. Yeye aligeuza mgongo kwa heshima, wewe ukasimama mvuani kwa heshima, na mtoto akanyeshewa. Muhonja alikuwa kando yako na mikono mitupu, hata kumpa Nafula amwingize ndani hukukumbuka! Yule kijana alikupisha. Alifanya jambo moja sahihi mwaka mzima, ukalikataa. Mvua ikija tena na mtoto yuko mgongoni, ingia. Aibu yako wazee watakaa waizungumze baadaye, Nafula akiwa amevaa nguo kavu.

Shangazi Nanjala