Mchanga wa Shamba la Mute

Mute, 9 de Setembro de 2012

Kwa kaka yangu mpendwa Sufo,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko bandarini Mocímboa, na mgongo ulioumizwa na magunia umepona. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema shati ulilolisahau siku ya Idi amelifua, ila haahidi kulirudisha, kwa sababu analivaa shambani.

Kaka, sijasahau maneno yako. Uliona mihogo imebaki mizizi wazi, mchanga umehamia kwa jirani, ukasema shamba limeuawa na magari ya watu wa gesi, na kwamba mwezi huu ukiisha utamwambia mzee wa kijiji ampe mtu mwingine.  

Professor Arsénio, anayetufundisha Geografia, ameniazima kitabu kuhusu majangwa. Humo nimesoma kwamba upepo hauchukui kila mchanga. Chembe zenye unyevu hushikanishwa na utando mwembamba wa maji; zikikauka huachana, na upepo huzirusha. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikaweka mchanga mkavu kwenye sahani moja na mbichi kwenye nyingine, nikazipepea kwa kipepeo cha mkaa. Mkavu uliruka mpaka kwenye mchuzi. Mbichi haukutikisika. Mama akaniuliza kama shuleni tunafundishwa kupika mchanga, na kama utaiva kabla ya samaki.

Kisha nilifukia mizizi kwenye matuta matatu, nikayafunika kwa nyasi. Kusi imevuma siku nne mfululizo, na magari yanapita vilevile. Lakini nikifunua nyasi adhuhuri, udongo wa chini bado ni baridi, unashikana kiganjani. Jana mhogo mmoja ulitoa majani mawili.

Sasa nikwambie nililoshindwa kukwambia ulipokuwa hapa. Zile nyasi ulizotandaza shamba zima kabla hujaenda kufanya kazi bandarini, nilizichoma mimi. Tulisikia wapimaji watapita kuandika mashamba, nikaogopa kwamba wakiona takataka wataandika kuwa letu halina mwenyewe. Nilitaka walikute safi kama ua uliofagiwa. Wapimaji hawakuja, ulikuja upepo. Juzi nilimwambia Mama. Aliniagiza panga, tukaenda kukata nyasi nyingine.

Naomba usiende kwa mzee wa kijiji kabla hujaja kuona. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombezee shambani, jembe likiwa mkononi, maana yamebaki matuta kumi na mawili na sisi tuko wawili tu.

Wasalimie wenzako wa bandarini. Jirani yetu Bibi Zubeida naye anakusalimu. Anasema ule mchanga uliohamia kwake harudishi. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Zuleica