Ulimi wa Nusukaputi

Ruiru,
Machi 1958

Kwako dada Njambi,

Pokea salamu zetu za huku bara. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba lile joto la Mombasa unalolilalamikia kila mara halijakushinda kufundisha. Sisi hatujambo kwa kadiri mwaka huu ulivyo. Mvua imeanza na mibuni imetoa maua. Shemeji yako Erastus bado yuko kwenye mashine ya kumenya kahawa na anakusalimu. Nisamehe kwa kimya changu cha muda mrefu. Ukimaliza kusoma utajua kwamba sikuwa nimekusahau.

Ulisikia kwamba nilijifungua kwa kupasuliwa. Uchungu ulikawia mno hata mkunga akainua mikono, ndipo nikapakiwa kwenye lori la kahawa nikapelekwa hospitali ya Thika. Huko walinifunika pua kwa kitambaa chenye harufu kama petroli iliyotiwa sukari, wakaniambia nivute pumzi. Nikavuta. Nilipoamka nilikuwa na mtoto wa kiume na tumbo lililoshonwa, na mambo yote mawili niliyapokea kama habari za jirani.

Hiyo ndiyo nusukaputi, dada. Watu hudhani mgonjwa akifumbua macho basi dawa imekwisha. Yangu ilikaa wiki nyingi. Uji ulinuka dawa, blanketi lilinuka dawa, hata kichwa cha mtoto. Machozi yalinitoka nikimenya viazi, bila huzuni yoyote, nikayafuta kwa kiwiko nikaendelea na viazi vyangu. Neno jepesi kama sufuria lilinipotea, nikawa nasema kile cha kupikia. Nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na Erastus akainywa yote kwa sababu ni mtu wa amani. Siku nyingine nilimwita mama mkwe Waceke, kwa jina lake, mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto. Aliweka kikombe chini akaniuliza ni lini mimi na yeye tulikuwa rika moja.

Haya yote nilikuwa nikiyatazama kwa mbali, kama mtu aliyekaa ng'ambo ya mto akiona nguo za mwenzake zikichukuliwa na maji.

Sasa nije kwenye jina la mtoto. Unajua kwetu jambo hili halina mjadala: mwana wa kiume wa kwanza ni baba wa mume, wa pili ni baba wa mke, maana mzee huzaliwa tena katika jina lake. Mzee Ndung'u hana mtoto mwingine ila Erastus, kwa hiyo tangu tulipooana alikuwa akingoja tumbo langu tu. Hakuwahi kunisimanga miaka ile nilipokaa bila mtoto, na wengine walinisimanga. Alikuwa akisema kwamba yeye hana haraka ya kuzaliwa.

Lakini mtoto alitoka dhaifu. Kulikuwa na mwalimu wa dini mmoja, Zacharia, aliyekuwa akipita wodini kuwabatiza wale ambao hawakutazamiwa kuiona Jumapili. Erastus alikuwa bado anahangaikia kibali cha serikali cha kutoka kijijini, maana Hali ya Hatari haijaondolewa, nami nilikuwa peke yangu. Zacharia akaniuliza jina. Nikamwambia Daudi Kagwe. Akamwagia mtoto maji, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mtoto akapona, na vita vikaanza. Erastus aliposikia jina la baba yetu aliketi kitandani kwangu akakikunjakunja kile kibali chake. Mama mkwe alisema mengi kwa niaba yake. Alisema nimemtoa mumewe kwenye kiti chake na kumkalisha mtu wa kwetu, na kwamba mwanamke wa namna hiyo hurudishwa alikotoka. Wazee wa ukoo wakaitwa. Mmoja wao aliuliza mbuzi wa mahari yangu walikuwa wangapi, na wewe unajua swali hilo huulizwa kwa nini.

Aliyeniokoa ni Mzee Ndung'u mwenyewe. Aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akawauliza kama si mimi niliyetia chumvi kwenye chai na kumwita mke wake kwa jina. Akawakumbusha habari za Gachanja wa Gatuanyaga, aliyepasuliwa ngiri akarudi nyumbani akawa anamvulia ng'ombe kofia na kumwita chifu. Akasema nusukaputi haina adabu, wala mtu hashtakiwi kwa maneno ya usingizini. Kagwe ametangulia tu kupita mlangoni. Yeye Ndung'u atakuwa mtoto wa pili. Wazee wakacheka, wakala, wakaenda zao. Kesho yake aliniletea njahi, yale maharagwe meusi ya mwanamke aliyejifungua, akamwagiza mama mkwe azipike vizuri ili nipate maziwa ya kumnyonyesha mgeni.

Dada, Zacharia aliponiuliza jina, dawa haikuwa imenifunga akili. Harufu ilikuwapo puani, lakini nilikuwa macho kama nilivyo sasa. Asubuhi ile nesi Mukonyo, Mkamba mmoja mpole, alikuwa amenieleza kwamba mfuko wa uzazi ulipasuka na daktari akautoa ili niishi. Hakuna mtoto wa pili. Mukonyo alitaka kumwambia Erastus, nikamsihi aniachie nimwambie mwenyewe, na mpaka leo sijamwambia.

Nilikuwa na mtoto mmoja na wazee wawili. Baba alichukuliwa na askari mwaka wa hamsini na nne akafia katika kambi ya kizuizini, wala hatukuonyeshwa kaburi. Hakuacha mwana wa kiume, alituacha sisi wawili tu, na wewe Mungu hakukujalia kuzaa. Nikamchagua Baba. Dawa haikunituma. Siku hizi nikimpakata mtoto namwita Baba, kama mila inavyoniruhusu, na hakuna anayeshangaa. Sijuti kumwita hivyo. Ila Mzee Ndung'u nampenda, na jambo hili linaniuma kuliko mshono.

Jana alinikuta nimeinua debe la maji. Akaninyang'anya akalibeba yeye, mzee mzima, njia nzima watu wakitazama. Tulipofika alilitua akaniambia nisibebe kitu kizito, tumbo hili lipone vizuri, maana yeye bado yumo safarini. Nikamjibu asante, baba.

Sitaweza kujibu hivyo mara nyingine. Baada ya Pasaka nitamwambia Erastus, kisha tutakwenda kwa mzee pamoja, kama Erastus atakubali kwenda nami. Sijui usiku huo mimi na mtoto tutalala wapi. Kwa hiyo shule zikifungwa tu, panda gari moshi uje. Njoo umpakate Baba katika nyumba hii, wakati bado anaitwa mgeni.

Wasalimie walimu wenzako na yule mama mwenye nyumba aliyekuuguza. Erastus anakuletea salamu tena, naye hajui nilichoandika. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Wamboi wa Kagwe