Mkono wa Kinyozi na Televisheni ya Kichogo

3 Februari

Dada yangu,

Salamu zikufikie hapo mezani kwako, katikati ya maredio uliyoyapasua matumbo. Shemeji hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kutembea na fimbo na ule mkono wa kulia unaoujua. Wifi yako anakusalimu na anasema umeadimika.

Usishtuke kupata barua zama hizi. Daktari wa mazoezi kaniamuru niandike ukurasa mzima kwa mkono kila wiki, tena nimwandikie mtu atakayejibu. Nikafikiri nani ana maneno mengi kunishinda, nikakukuta wewe. Kwa hiyo simu weka chini, shika kalamu.

Sasa habari yenyewe. Tangu kiharusi cha Oktoba sijagusa kichwa cha mteja. Duka analiendesha Mrefu, kinyozi mwenzangu wa kiti cha pili. Kila anayekuja kuniona ananiambia mkono utarudi, kila mtu siku hizi daktari. Mimi nikasema nijipime kwa kitu kisichonionea huruma. Nikaitoa mvunguni ile mashine yetu ya gemu, nikapachika kaseti ya yule mkimbiaji anayeruka mashimo. Zamani shimo la tatu nilikuwa naliruka huku natafuna, huku nakucheka wewe uliyetumbukia.

Wiki tatu sasa, kila asubuhi baada ya chai, natumbukia shimo la tatu. Nabonyeza, najua nimebonyeza, na yule mtu anaruka akiwa ameshazama. Mkono unatumwa na unachelewa. Kinyozi wa namna hiyo ni hatari kwa masikio ya watu. Kwa hiyo tarehe 28 namkabidhi Mrefu funguo za duka, na viti, na vioo, na kila kilichomo. Miaka ishirini na sita inatosha.

Sikuandikii kuomba ushauri. Nakuarifu tu, usije ukayasikia kwa watu.

Kaka yako


9 Februari

Kaka'ngu mkaidi,

Barua imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Shemeji yako hajambo, kifua kimepoa, anakohoa tu akitaka kuhurumiwa. Wifi mwambie sijaadimika, nimezidiwa na kazi. Mwandiko wako unalala upande lakini unasomeka kuliko wa daktari yeyote ninayemjua.

Hukuomba ushauri, basi huu si ushauri, ni amri ya fundi. Usimpe mtu funguo. Umejipima kwa kipimo kibovu. Televisheni yako ya sebuleni ni hizi flati, na flati hazipendi gemu za zamani. Mashine yetu inatoa picha ndogo yenye mistari michache. Flati ikiipokea inaivuta ijae kioo kizima, inaisafisha, inailainisha, ndipo ikuonyeshe. Ukitazama sinema hujui kitu. Ukicheza gemu, wewe umeshabonyeza na picha bado iko ndani inajipaka poda.

Shika rimoti, ingia kwenye setingi. Tafuta hali ya gemu, iwashe. Kila kinachoitwa kulainisha au kuboresha, zima. Ukali wa picha ushushe karibu na sifuri, maana ule si ukali, ni mstari mweupe unaochorwa pembeni mwa kila kitu. Na umbo la picha ulirudishe nne kwa tatu. Nakujua, utakuwa umeiacha imejaa kioo kizima na mkimbiaji wetu amenenepa kama mwenyekiti.

Kisha mwambie wifi akupige video kwa simu, dole gumba lako na kioo vionekane pamoja. Itazameni polepole. Mtaona nani anachelewa.

Mdogo wako, Fundi


15 Februari

Dada yangu,

Natumai hamjambo nyote. Huku salama. Nguvu za mguu zimerudi, jana nilikwenda hadi dukani na kurudi bila fimbo, Mrefu akanipigia makofi mbele ya wateja mpaka nikaona haya.

Nimefuata amri zako zote isipokuwa video. Wifi yako alishika simu, tukacheka, akapiga video ya sikio langu, tukaacha. Lakini setingi nimezimaliza. Kweli mkimbiaji amekonda na ile mistari myeupe imeondoka. Katika hilo nakuvulia kofia.

Shimo la tatu natumbukia vilevile.

Kwa hiyo, dada, usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake. Televisheni nimeirekebisha, mkono ni uleule. Na picha yenyewe haina kasoro. Sijachomeka waya mtupu, nimepitishia kile kiboksi cheusi ulichonitumia Novemba nikiwa hospitali, mashine inaingia upande huu, televisheni upande ule. Tangu nikiweke picha imekuwa laini kama shavu la mtoto. Yaani mitambo yote mizuri, mbovu ni mimi.

Mrefu nimeshamwambia. Akauliza kama anaweza kupaka ukuta rangi nyingine. Nikamwambia duka lake, apake apendavyo. Nilirudi nyumbani nikalia, usimwambie mtu. Wembe wangu nimeufunga kwenye kitambaa.

Usijisumbue tena.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Salamu fupi, utanisamehe. Sote wazima. Barua hii siipeleki posta, nimempa kondakta wa basi la asubuhi pamoja na kifurushi, nimemwambia asipokupa mkononi mwako nitamtafuta mpaka kwao.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni kile kiboksi. Ni mimi.

Nilipofika kwenye neno "kiboksi" niliweka bisibisi chini. Kazi yake ni kuigeuza picha ya zamani iwe ya kisasa, na ili kiigeuze kinaishika kila picha kwanza, kinaifanyia mambo yake, ndipo kinaipitisha kwa televisheni, nayo inaanza yake. Ninacho kingine kama hicho hapa. Nimekichomeka leo na mashine ya mteja, nikapiga video mwenyewe. Kaka, dole langu zima, halijawahi kuugua, lilishuka, na mtu kwenye kioo akakaa kwanza kama anasubiri aitwe jina. Nimeuhesabu ule ucheleweshaji picha kwa picha. Hata wewe wa zamani ungetumbukia.

Nilipokununulia nilikijaribu kwa sinema. Nikaona rangi zimekaa, sura haina chembe, nikasema kaka atafurahi. Fundi mzima, miaka kumi na tisa kazini, sikubonyeza hata kitufe kimoja. Naona aibu mpaka masikio yananiwaka.

Na liko jingine, nilimeze wapi. Siku ile wifi aliponipigia kwamba umeanguka, nilitakiwa nipande gari. Niliogopa. Niliogopa kukukuta umelala mdomo upande na hunijui. Nikaenda madukani nikatafuta kitu kizuri kuliko vyote, nikakutumia, nikajiambia nimekuja. Nilituma kiboksi badala ya kuja, halafu kiboksi kikakudanganya kwamba umekwisha.

Sasa sikiliza. Kiboksi king'oe. Nenda dukani kwako. Pale juu ya rafu, nyuma ya makopo ya poda, kuna ile televisheni ya kichogo, ya zamani yenye mgongo mkubwa, niliyoitengeneza mwenyewe. Hiyo haiboreshi kitu. Mstari unaingia, mstari unachorwa, basi. Nyuma yake kuna tundu pana la meno mengi. Kwenye kifurushi nimekuwekea waya niliouunga leo kwa ajili ya tundu hilo, nyekundu, kijani na buluu kila moja inapita njia yake, hazikorogwi pamoja kama kwenye ule waya wa njano uliokuja na mashine. Utaona rangi ambazo hujaziona tangu tuliponunua mashine. Iache iwake dakika kumi ipate moto kabla hujaihukumu. Ukiona baka la rangi pembeni, sogeza spika ya redio mbali, sumaku yake ndiyo inayochafua. Na kichogo usikifungue hata kama umechomoa waya ukutani, umeme unakaa humo na hauna udugu.

Cheza kabla ya tarehe 28. Ukitumbukia hapo, nitakubali mwenyewe kwamba ni mkono, na Mrefu apake rangi ya zambarau.

Nisamehe.

Mdogo wako


4 Machi

Kaka,

Hujambo? Mimi nauliza kwa kweli, si kwa desturi.

Tarehe 28 imepita. Kondakta anaapa alikupa kifurushi mkononi. Nimempigia wifi mara tatu. Mara zote anasema, "Kaka yako yuko sawa, kasema utajibiwa kwa barua," halafu anacheka na kukata. Kicheko cha wifi nakijua, kinaweza kuwa cha lolote.

Kama umetoa funguo, niambie. Kama umekasirika, nitukane, nimestahili. Usininyamazie tu. Kazini nimechomeka pasi ya kuunganishia waya nikaishika upande usiofaa, sasa na mimi nina mkono mbovu.

Mdogo wako


8 Machi

Dada yangu,

Pole na mkono. Paka dawa, usipake dawa ya meno, siyo tiba. Shemeji asalimiwe. Sisi wazima, nami nimekawia kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na hakika na kila neno.

Kifurushi nilipata tarehe 21. Sikukifungua. Barua niliisoma, nikaikunja, nikakaa siku saba. Sikuogopa televisheni, niliogopa jibu. Wakati ule mtu alikuwa akiniuliza, nilikuwa na la kusema, mkono umekufa, habari imekwisha. Nikijaribu tena nikatumbukia, nitasema nini?

Asubuhi ya tarehe 28 nikaenda kukabidhi. Mrefu kavaa shati jipya, ndoo ya rangi iko mlangoni, na yule mwalimu mstaafu mwenye kichwa kigumu kakaa kwenye kiti changu akisubiri sherehe. Nikamwambia Mrefu, kabla ya funguo, nisaidie kushusha lile likichogo. Tukaunga waya wako. Tukangoja dakika kumi kamili, mwalimu anashika saa. Baka lilikuwepo, la kijani, tukasogeza spika likafutika.

Dada, picha ile! Nilisahau kwamba kofia ya mkimbiaji ina utepe. Nyasi zina rangi mbili. Kila kitu kimekaa mahali pake. Nikashika pedi, jasho linatoka.

Shimo la kwanza nikaruka. La pili. La tatu nikaruka, na nilipoangukia ng'ambo nikapiga ukelele, mwalimu akadhani nimepatwa tena, akasimama na shuka lake shingoni. La nne, la tano, mpaka la nane. Nikabonyeza, akaruka. Nikabonyeza, akaruka. Siwezi kukueleza raha ya kutiiwa kule.

La tisa nikatumbukia. Nikaanza upya, la tisa tena. Hilo linataka dole ligonge mara mbili upesi, na pigo la pili halitoki. Nimejaribu siku nane mfululizo, wala sikukilaumu kichogo wala waya wala wewe. Hilo ni langu. Ndiyo maana nilikawia, nilitaka kulijua langu na lisilo langu.

Basi nimepanga hivi. Mashine ya kunyolea naishika mimi, na mwalimu nilimnyoa siku ileile, kichwa chote, hakuna hata mkwaruzo, ingawa alifumba macho mpaka mwisho. Wembe anaushika Mrefu, mpaka nitakapovuka la tisa au nisipovuka kabisa. Nilimwambia Mrefu kwamba duka silitoi tena lote, tutalishika wawili, tumechongesha ufunguo wa pili. Akasema, "Bosi, kiti nilikuwa nakitaka, sikufichi. Lakini wateja wako wamenichosha, kila mmoja anataka hadithi, mimi hadithi sina." Ukuta ameshapaka nusu. Ni zambarau kweli, Mungu atusaidie.

Sasa kuhusu kiboksi. Umekiri, na mimi nikiri. Siku kilipofika hospitali nilijua kimekuja badala yako. Nilikichukia kabla hakijafunguliwa. Wifi yako alinishikia simu ili nikushukuru, nikashukuru, ulimi mzito, ukadhani ni ugonjwa. Nilikuwa nakutazamia mlangoni kila saa ya kuona wagonjwa. Ungenikuta mdomo upande, kweli, lakini ningekujua. Nilikukasirikia mpaka Februari. Barua yako ya kifurushi ndiyo iliyoniondolea, ile sehemu ya katikati, si ile ya waya.

Daktari ameona mwandiko wangu, kasema ukurasa kwa wiki umetosha, nihamie kufunga vifungo. Kwa hiyo hii ndiyo barua yangu ya mwisho, na wewe ya kujibu huna. Najua utakapoisoma utaanza kuzunguka madukani kutafuta waya bora zaidi, au pedi nyepesi kwa ajili ya shimo la tisa. Usinitumie kitu. Basi la asubuhi linaondoka saa kumi na mbili.

Njoo.

Kaka yako