Mama Mkwe Kaniamuru Nisome

Eteri, shoga yangu, huwezi kuamini ya hapa kwa mama mkwe jioni hii.

Mechi ya mpira ya Georgia haijaanza, mama mkwe kanikuta na ile riwaya ya mabaharia ya masomo ya jioni. Nikamwambia nina mtihani wake kesho. "Kitabu kitamwogesha mtoto? Kitaosha vyombo?" Nikajificha nacho jikoni.

Meli inaingia tu kwenye dhoruba, nikasikia mayowe sebuleni: Georgia tumefunga.

Nikakimbilia kutazama. Tukarudishiwa bao hapo hapo. Wote wakanigeukia, hata mume wangu Zaza. Mama mkwe kanikazia macho: "Nani kakuruhusu kuacha kusoma?"

Nani kakuruhusu kuacha kusoma. Yeye huyo huyo.

Nikasukumwa jikoni, nikafungua kitabu, tukafunga bao la pili. Basi, ikawa ibada. Mtoto kamwogesha yeye. Vyombo kaosha yeye, huku ananong'ona, "Soma, mwanangu, usiinue macho."

Tumeshinda. Sijaona bao letu hata moja, ila mabaharia wangu wamefika nyumbani.

Sasa hivi kachungulia, mpole kama maziwa, kauliza kurasa zimebaki ngapi, maana Jumamosi tunacheza tena.

Nimemwambia kimeisha, lakini mwalimu anacho kingine, kinene zaidi.